NYUMBA ZA UKUTA MMOJA: TOKA KILINDINI HATA MJI WA KALE

Jina la Kilindini limetokana na neno kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu. Kwa ajili ya kina hicho meli kubwa ziliiacha bandari ya kale ya majahazi, iliyo upande wa mashariki wa Kisiwa cha Mombasa, zikaja kufunga upande wa magharibi. Walakini mgeni afikaye Kilindini kwa mara ya kwanza, hasa akiwa ametoka bara, hashangazwi sana na meli. Meli amekwisha kuziona katika picha. Kinachomshangaza ni namna watu wanavyokaa.

Mkulima wa Nyeri au wa Bungoma amezoea nyumba isimamayo peke yake, migomba huku na mahindi kule. Akiwa na haja na jirani hupaza sauti, ama hushika njia akaenda. Ukuta wa nyumba yake una pande mbili, na pande zote mbili ni zake. Ukipasuka, yeye ndiye atakayekanda udongo. Mombasa sivyo. Huko ukuta mmoja huwa na nyumba mbili. Mtu hulala kichwa chake kikiwa karibu na kichwa cha mwenziwe kwa kadiri ya shubiri mbili, na huenda wasijuane hata majina. Humsikia akikohoa usiku, humsikia akigombana na mkewe, hujua saa aamkayo kwenda kazini. Na yule wa upande wa pili humjua yeye vivyo hivyo.

Kisiwa chote hakizidi sana kilomita 14 za mraba. Mtu mwenye miguu mizima aweza kutoka magatini asubuhi, akazunguka kupitia Majengo, akafika Ngome ya Yesu kabla jua halijawa kali. Katika mwendo huo atapita mahali penye aina tatu za nyumba zilizounganishwa kuta: landi za wafanyakazi, nyumba za vyumba za Majengo, na nyumba za mawe za Mji wa Kale. Kila aina ina asili yake, na kila moja ina jawabu lake kwa swali moja, nalo ni hili: ukuta ulio wa watu wawili ukipasuka, nani wa kuuziba?

LANDI ZA WAFANYAKAZI

Kazi ya kutandika reli ilianzia Kilindini mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu katika ziwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo meli zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikateremshwa kwa matishari hata ufukoni. Mwaka 1926 yalifunguliwa magati mawili ya kwanza penye kina cha kutosha, meli ikaweza kujiegemeza ukutani na kupakuliwa. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi. Wakaja Wadigo na Wagiriama kutoka ng'ambo ya maji, Wataita na Wakamba kwa njia ya reli, Waluo na Waluhya kutoka pande za ziwani, Wakikuyu kutoka milimani, na Washihiri kutoka Hadhramaut kwa majahazi.

Watu hao walipaswa kulala mahali. Reli ilikuwa imekuja na desturi yake kutoka India, nayo ni kuwajengea wafanyakazi landi. Neno hilo limebaki Nairobi hata leo katika jina la Landi Mawe. Landi ni safu ndefu ya vyumba chini ya paa moja, kila chumba na mlango wake, na mara nyingi safu ya pili imegeuzwa mgongo na kushikamana na ya kwanza. Mwenye chumba cha katikati ana ukuta mmoja tu ulio huru, ule wenye mlango. Kuta nyingine tatu ni zake na za wengine. Bomba la maji liko nje, na choo kiko mwisho wa safu.

Kwa mwenye kujenga, faida yake ni dhahiri. Ukuta mmoja hutumika mara mbili, paa moja hufunika watu mia, na mfereji mmoja wa maji machafu hutosha. Lakini landi ilijengwa juu ya wazo fulani, na wazo hilo ndilo lililoiharibu. Wakubwa wa siku zile walimhesabu mfanyakazi kuwa ni mpita njia, kijana asiye na mke mjini, atakayebeba magunia miezi michache kisha arudi kwao kulima. Kwa hiyo chumba hakikupimwa kwa kadiri ya mke na watoto, bali kwa kadiri ya vitanda. Makuli wengi wa bandari walikuwa vibarua wa siku, wakiandikwa asubuhi na kulipwa jioni. Hawa hawakupewa hata chumba cha landi, wakajitafutia pa kulala mjini.

Kwa sababu hii nyumba ikawa jambo la ugomvi mkubwa. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, posho ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao, na Serikali ikaunda tume ya kuchunguza hali ya kazi mjini. Mwezi wa Januari 1947 mji mzima uligoma, na gharama ya maisha, pamoja na kodi ya chumba, ikatajwa tena. Baada ya hapo ndipo ilipokubaliwa waziwazi kwamba mfanyakazi wa mjini ni mtu mwenye jamaa. Mitaa ya nyumba za kupanga ikajengwa katika sehemu kama Tononoka, Tudor na Changamwe, na vibarua wa bandari wakaanza kuandikwa kazi ya kudumu katika miaka ya 1950.

Sasa, ukuta wa landi ukipasuka, nani wa kuuziba? Mpangaji wa kulia husema si wake. Wa kushoto husema si wake. Wote wawili wasema kweli. Hupelekwa habari kwa karani, karani huandika katika daftari, na hata fundi afikapo na mwiko wake, aliyepeleka habari amekwisha kuhama. Katika muda huo ufa huzibwa kwa gazeti la juma lililopita. Landi ilimpa mtu jirani watatu, lakini haikumpa hata mmoja wa kusimama naye mbele ya ukuta ule na kusema, "Huu ni wetu."

MAJENGO

Mgeni akiiacha bandari na kupanda kuelekea kaskazini na mashariki, hufika Majengo. Huko ndiko walikolala wale ambao landi haikuwatosha, na wengine wengi walioipenda Mombasa wakaamua kufa huko.

Nyumba ya Majengo ni nyumba ya Kiswahili ijulikanayo toka Lamu hata Dar es Salaam. Mbele pana baraza ya kukalia. Mlango ukifunguliwa, ukumbi hupita katikati moja kwa moja hata uani, na vyumba hupangwa huku na huku, aghalabu vitatu upande huu na vitatu upande huu. Uani ndipo penye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Ilijengwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo, ikaezekwa makuti. Baadaye makuti yakaondolewa, yakaja mabati. Katika nyumba za makuti viambaza vya vyumba mara nyingi havikufika juu hata paani. Nafasi iliachwa ili upepo upite, nayo sauti ikapita pamoja na upepo.

Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke mtu mzima aliyerithi au aliyejenga kwa akiba yake, hukaa chumba kimoja na kuvipangisha vingine. Kwa hiyo katika nyumba moja huenda akawamo kuli wa Kijaluo, mshoni kutoka Tanga, mama mwuza mahamri na karani wa posta. Majengo hapana ofisi ya kupelekewa habari za ufa. Yuko mwenye nyumba, naye yumo ndani humo. Asikiapo mchwa katika miti hajiulizi ni kazi ya nani. Hupita mlango kwa mlango, huyu akatoa senti zake, yule ambaye hana akatoa mikono yake, na siku ya mapumziko wakakanda udongo uani. Kodi ilipochelewa, kiambaza kilisaidia kuilipa.

Maisha hayo yalizaa adabu yake. Mtu haingii ukumbini bila kupiga hodi, hata kama mlango u wazi. Alilolisikia kupitia kiambaza usiku halisemi barazani asubuhi; ni kana kwamba hakulisikia. Chumba kimoja kikifiwa, vyote sita vimefiwa, na pasiwe na redio itakayofunguliwa mpaka matanga yaondoke. Wahenga walisema kuta zina masikio. Watu wa Majengo walijifunza kwamba kuta zikiwa na masikio, sharti wakaao ndani yake wawe na ulimi wa kufungwa.

Walakini nyumba hizo zilikuwa na udhaifu mmoja, nao haukuwa katika udongo bali katika hati. Baada ya Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, viwanja vingi vya pwani viliandikishwa kwa majina ya wenyewe. Wenye viwanja wakawapa watu ruhusa ya kujenga kwa kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Aliyejenga akawa mwenye nyumba bila kuwa mwenye ardhi. Kuta zake, kiwanja cha mwingine. Desturi hiyo ya nyumba bila ardhi imedumu Mombasa mpaka leo, na nyumba za namna hiyo huuzwa na kurithiwa. Lakini mtu ambaye aweza kuambiwa aondoke hathubutu kujenga kwa mawe. Hivyo udongo na makuti ya Majengo havikuwa dalili ya umaskini peke yake. Vilikuwa pia hesabu ya mtu mwenye busara asiyejua kesho ya kiwanja chake.

HATARI YA MOTO

Hatari kubwa ya nyumba zilizobanana ni moto. Cheche ikirukia makuti, jirani hana muda wa kuuliza imetoka wapi. Jambo hili halikuwapata watu wa pwani peke yao. Mwezi wa Septemba 1666 moto ulianza katika tanuri la mwoka mikate mjini London, ukawaka siku nne, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000. Nyingi zilikuwa za mbao, zimeegemeana hata zikakaribia kugusana juu ya njia.

Mwaka uliofuata, 1667, ikatungwa sheria ya kuujenga mji upya kwa matofali na mawe. Ndani yake mlikuwa na kanuni inayofaa kukumbukwa na kila akaaye katika nyumba ya ukuta mmoja. Ukuta wa kutenga nyumba mbili ulipaswa kusimama nusu katika kiwanja cha huyu na nusu katika kiwanja cha yule. Yule atanguliaye kujenga aliujenga wote. Na jirani yake atakapojenga kuuegemea ukuta ule, alilazimika kumlipa mwenziwe nusu ya gharama pamoja na faida ya fedha zake. Tena katika nchi hiyo ya Uingereza, sheria ya mwaka 1996 humtaka mtu anayekusudia kuugusa ukuta wa ubia ampe jirani yake habari kwa maandishi miezi 2 kabla ya kuanza. Nyundo nayo yapaswa kupiga hodi.

MJI WA KALE

Ukivuka Barabara ya Digo kuelekea mashariki, njia hugeuka kuwa nyembamba. Jua hukatika. Mtu akinyosha mikono katika baadhi ya vichochoro hukaribia kugusa nyumba za pande zote mbili. Huu ndio Mji wa Kale, mahali pa kiasi cha hekta 72 kati ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na maji ya mkono wa Tudor. Hapa ipo Ndia Kuu yenye roshani za mbao zilizotobolewa maua, na hapa upo Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mwaka 1570 au karibu na hapo.

Katika mji huu jina la Kilindini hukutana na mgeni mara ya pili, lakini sasa ni jina la watu. Wakilindini ni taifa moja katika yale Mataifa Matatu, yaitwayo Thelatha Taifa, pamoja na Wachangamwe na Watangana. Kwa masimulizi ya wenyeji, mji wao wa zamani ulikuwa upande ule ule wa magharibi ambako leo yapo magati. Wakauacha, wakaja kuingia katika mji wa Mvita, ambao watu wake walikuwa katika shirika la Tisa Taifa. Kila upande ulikuwa na wakubwa wake na mitaa yake, na mashindano hayakukoma: katika siasa, katika ngoma, katika arusi. Hata hivyo walijenga wakabanana. Watu waliokuwa wakishindana mchana walilala usiku wamegeuziana migongo, na kati yao pana ukuta tu.

Na ukuta wenyewe si wa mchezo. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na unene wake hufikia nusu mita na zaidi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, ambazo tangu zamani huletwa kwa majahazi kutoka pande za Lamu. Boriti haichukui uzito vyema ikipita kiasi cha mita 3, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Katika ukuta wa ubia boriti za nyumba hii huingia upande huu, na za nyumba ile huingia upande ule. Basi ukuta mmoja hubeba dari mbili, na dari mbili huushikilia ukuta usiyumbe. Nyumba hizi hazikuegemeana kwa kukosa nafasi tu. Kuegemeana ndiyo nguvu yao.

Kuna sababu nyingine ya kujenga hivi, nayo ni jamaa. Baba aliyemwoza binti yake alipenda kumjengea pembeni mwa nyumba yake mwenyewe, akauokoa ukuta mmoja na kumwokoa binti na upweke. Mlango mdogo uliachwa ndani, ili wanawake wapitiane bila kutoka njiani. Huko Lamu walizidi, wakajenga wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Ukuta wa namna hii hauna kesi, maana pande zote mbili ni damu moja.

Taabu huanza damu inapokuwa mbali. Na afikirie msomaji mtu aliyekufa akaacha nyumba moja, mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa fungu la Kiislamu mjane hupata thumuni moja, kila binti thumuni moja, na kila mwana thumuni mbili. Hesabu imetimia: sehemu nane, wenyewe sita. Hao nao wakifa, kila thumuni hugawanywa tena. Katika kizazi cha tatu nyumba moja huweza kuwa na wenyewe thelathini, mmoja yuko Kibokoni, mwingine Dubai, mwingine London, na wa nne hajui kama ana sehemu. Mvua ikipenya na ufa ukionekana, kila mmoja humngoja mwenziwe. Hakuna aliye mvivu. Ni kwamba hakuna aonaye haki ya kutoa fedha zake nyingi kwa thumuni ya thumuni.

Ndipo nyumba huanguka, na hapo ubia wa ukuta hudhihirika. Nyumba ya kati ikibomoka, au ikivunjwa ili kupanda jengo la saruji la ghorofa nyingi, boriti zilizokuwa zikiushikilia ukuta upande mmoja huondoka. Ukuta uliokuwa wa ndani huwa wa nje. Haukupigwa lipu ya kukabili mvua, basi hunywa maji, chokaa ikalegea, na mbegu ya mtini iliyodondoshwa na ndege ikaota ndani ya mawe. Mwenye nyumba ya pili huamka akaona ufa chumbani mwake, ijapokuwa hakugusa hata jiwe moja. Wengine kwa nia njema huupaka ukuta huo saruji. Hiyo nayo ni kosa, maana chokaa hutoa unyevu na saruji huuzuia. Unyevu ukifungiwa ndani, lipu hububujika na mawe huoza polepole. Fundi ajuaye kazi ya kale hutumia chokaa juu ya chokaa.

SHERIA NA ADABU

Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa, na tangu hapo mwenye nyumba hana budi kuomba ruhusa kabla ya kubomoa au kubadilisha. Ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa hutoa shauri. Ni jambo jema, lakini ruhusa ni neno la kumzuia mtu asivunje. Si fedha za kumwezesha kutengeneza.

Sheria ya dini nayo iliutazama ukuta wa ubia tangu zamani. Yako mafundisho mashuhuri ya Mtume kwamba jirani asimzuie jirani yake kulaza boriti katika ukuta wake. Wanavyuoni wakatofautiana: wengine wakasema ni wajibu, wengine wakasema ni jambo la kupendekezwa tu, na idhini ya mwenye ukuta sharti itakwe. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani, kauli inayotegemewa ni kwamba mshirika hashurutishwi kutoa fedha za kuujenga ukuta wa ubia ulioanguka. Lakini mwenziwe akitaka kuujenga kwa mali yake mwenyewe, hazuiliwi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 juu ya umiliki wa sehemu za majengo yasema jambo la karibu na lile la London. Pasipoandikwa vingine katika hati, mpaka kati ya nyumba mbili katika jengo moja ni katikati ya ukuta, au ya sakafu, au ya dari. Na wenye nyumba wote huwa katika shirika moja, ambalo kazi yake ni kulitunza jengo kwa michango yao. Sheria hiyo inawahusu watu wengi zaidi kila mwaka. Mwaka 2021 nyumba za kupanga za Buxton, zilizojengwa katika enzi ya ukoloni, zilibomolewa na magorofa ya kuuzwa yakaanza kupanda mahali pale. Aliyezaliwa katika safu ya chini, jirani akiwa kulia na kushoto, sasa aweza kuwa na jirani juu ya kichwa na mwingine chini ya miguu.

Mtu akizipima aina hizi zote pamoja, huona kwamba nguvu ya ukuta wa ubia haikutokana na kitu ulichojengewa. Mawe ya Mji wa Kale yameanguka penye warithi wengi wasiokutana. Udongo wa Majengo umesimama miaka mingi penye mwenye nyumba mmoja anayejua majina ya wapangaji wake. Na landi, ijapokuwa ilijengwa na watu wenye fedha na wahandisi, ilichakaa upesi, kwa sababu ilikusanya watu ukutani bila kuwapa neno juu ya ukuta huo. Sheria huweza kuonyesha mpaka ulipo, hata kwa kipimo cha nusu ya unene. Haiwezi kumfanya mtu atoke na mwiko.

Wenye busara katika mitaa hii hupatana mapema. Ndugu waliorithi nyumba humteua mmoja wao, wakaandika mbele ya mashahidi kwamba sehemu fulani ya kodi ya duka la chini itawekwa kando kwa ajili ya matengenezo kabla ya kugawanywa. Majirani wawili huafikiana kupanda darini pamoja kabla ya mvua za masika, wakatazama mifereji, kwa kuwa maji ndiyo adui wa kwanza wa chokaa. Atakaye kupanua daka au kutoboa dirisha humwita mwenziwe aone kwanza, maana daka likichimbwa upande huu na daka upande ule, kati yake hubaki jiwe la kuazima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtu mwenye nyumba peke yake shambani, methali hiyo ni onyo kwa mvivu. Kwa watu wa nyumba za ukuta mmoja ina neno la kuongezwa, yaani kwamba ufa huwa na wenyewe wawili, na wa kwanza kuuona ndiye apasaye kubisha mlango wa pili. Basi kijana anayetoka shambani kwenda kutafuta kazi Kilindini, na karani anayetaka kununua nyumba katika magorofa mapya, wafanye vyema kuuliza mambo mawili kabla ya kuuliza kodi au bei: nani yuko upande wa pili wa ukuta, na wamepatana nini juu yake. Wakijibiwa kwamba hapana mapatano, bado wana nafasi ya kuyafanya siku hiyo hiyo, ukuta ukali mzima.